Udhiya isirundikwe siku ya kwanza

Idd-ul-Adh'ha ikifika, Waislamu wengi wa Nairobi hutaka mnyama wao wa udhiya, yaani wa ibada ya kuchinja ya sikukuu hii, achinjwe tarehe 10 Dhul Hijja, tena kabla ya adhuhuri. Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi, hapapitiki, wachinjaji wanagombaniwa, na ibada inayotaka utulivu inafanywa mbiombio. Hakuna anayetulazimisha. Kwa madhehebu ya Shafii, wakati wa kuchinja unaendelea mpaka jua litue tarehe 13. Kwa Hanafi, mpaka magharibi ya tarehe 12. Takbira zenyewe tunazivuta hadi alasiri ya tarehe 13, sasa kisu tunakifungia nini siku ya kwanza? Siku hiyo ina fadhila yake, sikatai. Lakini fadhila haisimami juu ya udhiya iliyoharibika.

Nayo huharibikia njiani. Ili kuwahi foleni, wengine huchinja kabla ya sala ya Idd. Huyo ni mbuzi wa kitoweo tu: sahaba Abu Burda bin Niyar alifanya hivyo, na Mtume akamwamuru achinje mwingine. Wengine hununua bila kukagua. Mbuzi kwa Shafii awe ametimiza miaka 2, kwa Hanafi mwaka 1. Usimtegemee muuzaji, mfunue mdomo. Meno ya mbele yakiwa madogo yote, huyo bado mtoto. Makubwa manne yanaonyesha karibu miaka miwili. Kisha mtembeze hatua kadhaa uone kama anachechemea, mtazame macho yote mawili, mpapase mgongo. Kilema, chongo, mgonjwa na aliyekonda mno hawafai.

Pale machinjioni ndipo haraka inapoumiza zaidi. Kisu kilichochinja wengi bila kunolewa hukereza badala ya kukata. Kinolewe, na kinolewe mbali na macho ya mnyama, wala asichinjwe mbele ya mwenzake. Kibla cha Nairobi kiko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo mnyama akilazwa ubavu wa kushoto, miguu inaelekea kaskazini na kichwa kinakuwa magharibi. Bismillahi, Allahu Akbar, kisha koromeo, umio na mishipa miwili ya shingo vikatwe kwa mkupuo mmoja, bila kuvunja shingo. Halafu subiri. Siku ya kwanza hili la kusubiri ndilo linalokosekana: ngozi inaanza kuchunwa mnyama bado anatapatapa, kwa sababu mwingine ameshavutwa kamba.

Ujira wa mchinjaji mkubaliane mapema, alipwe pesa taslimu. Kumwachia ngozi, kichwa au matumbo yawe malipo yake haijuzu; Ali bin Abi Talib alikatazwa na Mtume asimpe mchinjaji chochote cha mnyama kama ujira. Ukishamlipa, unaweza kumpa nyama kama zawadi au sadaka, hapo hapana ubaya.

Nyama nayo haitaki pupa. Mbuzi wa kilo 30 akiwa hai hutoa nyama na mifupa kama kilo 13 hivi. Ukiijaza kwenye mfuko wa plastiki ingali na joto na kuizungusha mjini mchana kutwa, itaanza kunuka kabla ya kufika. Itundikwe ipate hewa, mkaguzi aipige muhuri, ndipo ikatwe. Ng'ombe wa watu saba agawanywe kwa mizani, si kwa kukisia, na asiingizwe mtu wa nane.

Kinachonisumbua zaidi ni mpokeaji. Nyumba nyingi za mitaa ya Majengo na Kibra hazina friji. Mifuko mitano ikigonga mlango mmoja siku moja, familia haiwezi kuihifadhi, na siku ya tatu sufuria iko tupu. Misikiti inayokusanya udhiya ingeweza kugawa orodha yake: mtaa huu tarehe 10, ule 11, mwingine 12. Mwenye kurudi kazini amfanye mtu wakala wa kumchinjia, kwa jina na kwa nia, uwakala unakubalika. Theluthi tatu, yako, ya jamaa na ya maskini, ni mgawanyo mzuri, si wa lazima. La lazima kwa Shafii ni kwamba sehemu fulani imfikie maskini ikiwa mbichi, ajipikie apendavyo. Kumwalika kwenye pilau hakutoshi.