Viti Vyangu Vimevunja Sheria ya Gharama za Uchaguzi

Jamani mi shule niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikuwa naingia kwa msimu kama maembe, lakini kuna sheria moja ya Tanzania yetu hii naijua vizuri kuliko mawakili wa mjini. Sheria ya Gharama za Uchaguzi, namba 6 ya mwaka 2010. Sikufundishwa na mtu, nimefundishwa na deni.

Kazi yangu nakodisha viti. Vile vyeupe vya plastiki, ninavyo mia mbili, na maturubai mawili, na masufuria manne makubwa ya kupikia shughuli. Wateja wangu ni misiba, harusi na maulidi. Msiba ndo mteja wa uhakika kuliko wote, manake marehemu hana longolongo, rambirambi zinakusanywa hadharani, mhasibu kakaa na daftari lake pale chini ya mwembe, jioni unachukua chako unaondoka. Harusi ndo shida, kamati ikishamaliza hela kwenye keki na MC we wa viti unaambiwa subiri maharusi watulie. Watulie wapi, wakati mi nataka hela ya mkokoteni?

Sasa mwaka 2015 nikajitia ujuaji nikaingia kwenye kampeni.

Akaja meneja wa kampeni wa jamaa mmoja alikuwa anagombea udiwani, chama sikitaji, msinitafutie balaa. Kijana mtanashati, shati jeupe, faili kwapani. Akaniita kaka mkubwa. Ukishaona mtu hamjuani anakuita kaka mkubwa shika mfuko wako. Akataka viti mia na hamsini, maturubai yote mawili na masufuria, siku kumi na mbili. Tukapiga hesabu, kiti mia tatu kwa siku, turubai elfu thelathini, masufuria nikamwachia bure kama nyongeza, ikawa laki moja na elfu tano kwa siku, jumla milioni moja na laki mbili na sitini. Mama Zuhura siku hiyo alinikarimu chapati za maji asubuhi na jioni, akaanza na kuangalia bei za friji.

Nyie, watu walikula! Na hapa lazima niwaeleze kidogo. Kijiweni kwetu kwenye kahawa kuna mwalimu mmoja mstaafu, huyo anaikumbuka enzi ya takrima kama mtu anavyokumbuka ujana wake. Anasema mwaka 2000 walirekebisha sheria ya uchaguzi takrima ikawa ruksa, mgombea akimkirimu mpiga kura wanasema hiyo sio rushwa, ni ukarimu wetu wa asili. Doti ya khanga, ukarimu. Kilo ya sukari, ukarimu. Mpaka 2006 Mahakama Kuu ikasema hapana bana, kesi ilifunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mashirika wenzao, LEAT na NOLA, takrima ikazikwa. Halafu Machi 2010 Kikwete, rais wa wakati huo, akasaini Ikulu hiyo sheria mpya ya gharama, ukitaka kumpa mpiga kura chakula, kinywaji au zawadi ili akupe kura, umekwisha. Mwalimu anasema siku ile mkewe alikunja khanga zake zote za kampeni akaziweka sandukuni kama nyaraka.

Basi namuuliza meneja, sasa hili pilau la masufuria manne vipi, sheria haitabana? Akacheka. Akasema kaka mkubwa, sheria inakataza kulisha wapiga kura, haikatazi mgombea kulisha timu yake ya kampeni. Mi nikaitikia tu. Siku ya mkutano nikaiona hiyo timu. Watu mia nne! Kulikuwa na bibi kizee wa mtaa wa pili kaja na bakuli lake kabisa la mfuniko, timu ya kampeni. Kuna mtoto wa miaka mitatu kajipaka wali mpaka kwenye nyusi, naye timu ya kampeni. Bodaboda waliopewa elfu tano tano ya mafuta wakazunguka mtaa mara moja wakapiga honi wakaenda zao kubeba abiria wao, hao ndo kitengo cha usafiri. Hata mi mwenyewe nilikula, sitadanganya, nyama ilikuwepo, na nilikula nikijua mi nipo timu ya viti.

Jamaa akashindwa. Kwa kura nyingi tu. Yaani ile timu ya kampeni peke yake ingempigia asingeshindwa vile, kwa hiyo kuna watu walikula pilau kwa kinyongo.

Viti vikarudi mia na arobaini na moja, tisa sijui vipo wapi, na vyote vimebandikwa stika ya sura yake kwenye makalio ya kiti. Stika gani ile sijui, nimesugua kwa mafuta ya taa, kwa steelwire, kwa wembe, inatoka shingo kichwa kinabaki. Masufuria yamerudi na ukoko umeungua chini kama lami, Mama Zuhura kakwangua siku mbili anatukana chama ambacho wala hakihusiki.

Nikaenda kudai. Meneja akafungua faili. Kaka mkubwa, tunataka risiti. Nikampa, ya kitabu, nimenunua stationery na muhuri nimechonga. Akasema hii haifai, tunataka ya mashine, chama kinatakiwa kupeleka hesabu kwa Msajili wa Vyama vya Siasa ndani ya siku 180, zinakaguliwa. Wakati wa kubeba viti usiku kwenye kirikuu hakuna aliyeniuliza mashine! Nikarudi wiki ya pili, kaja na jipya. Eti kuna ukomo. Waziri ndo anatangaza kwenye Gazeti la Serikali, kila mgombea mwisho wake atumie kiasi gani, wanaangalia ukubwa wa eneo na idadi ya watu. "Na sisi tumeshafika kwenye ukomo, sasa tukikulipa wewe tutakuwa tumezidisha. Unataka mheshimiwa avunje sheria?"

Mi nikakaa kimya pale. Manake nilivyoelewa ni kwamba pilau halikuvunja sheria, mafuta ya bodaboda hayakuvunja sheria, ila hela yangu ndo itavunja sheria. Spika zimelipwa, mwanamuziki kalipwa, wa tisheti kalipwa nusu, ukomo umekuja kunikuta mi peke yangu mlangoni.

Siku ya tatu ndo nilichoka. Kanipa soda, kisha kanisogezea karatasi. Anasema sign hapa, tumeandika wewe ni mchangiaji, umejitolea viti. Nasoma naona laki tisa na tisini. Nikamwambia mbona deni langu ni milioni moja na laki mbili na sitini? Akasema taratibu akinishika bega, mchango wa mtu binafsi ukipita milioni moja inabidi utolewe taarifa, utaulizwa umepata wapi hela zote hizo, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanaweza kuja mpaka kwako. Kwa hiyo amenidhulumu, halafu kwenye hiyo dhuluma akanipunguzia ili nisipate usumbufu. Sikusaini. Ile soda nilimaliza lakini.

Deni lile lingekuwa mtoto saa hizi liko shule ya msingi linafanya mitihani. Na mi nimebaki na viti vyenye sura za watu. Unapeleka kwenye msiba mtu anainuka kidogo anaangalia alichokalia anasema aah, huyu.

Sasa 2020 jamaa karudi kugombea tena. Hajaja kwangu, anajua. Ila katikati ya kampeni kukatokea msiba mtaani, viti vyangu, turubai langu. Naona gari linapaki, mheshimiwa huyo kashuka na kanzu, kalia kidogo na wafiwa, kavutiwa kiti kakaa. Nikachungulia. Kakaa juu ya sura yake mwenyewe, jicho moja linaonekana pembeni ya paja. Kisha MC akatangaza kwenye kipaza sauti jina lake, mara mbili, katoa rambirambi laki mbili. Kampeni? Hapana, huo ni msiba bana, nani atakuuliza risiti msibani.

Jioni nikaenda kwa mhasibu chini ya mwembe kuchukua changu. Kahesabu, kachomoa elfu sitini kutoka kwenye bahasha ya kaki, na kwenye bahasha pameandikwa jina la mheshimiwa kwa kalamu nyekundu.

Nimefika nyumbani nikafungua daftari ukurasa wa 2015, nikaandika: imelipwa elfu sitini, bado milioni moja na laki mbili. Mama Zuhura kachungulia begani akaniambia wee baba Zuhura, hiyo ni hela ya marehemu. Nikamwambia nyamaza, marehemu alikuwa timu ya kampeni.