Bakteria wa pakiti hawana ubavu na wenyeji

Masika ya mwaka juzi nilimshawishi mama anunue pakiti ya bakteria kwa ajili ya maharage yake kule Lushoto, wale wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea kama mbolea. Nilikuwa nimesomasoma, nikajiona mtaalamu. Tulichanganya ile poda nyeusi na maji ya sukari, tukapakaza mbegu kivulini kama maelekezo yalivyotaka, tukapanda siku hiyo hiyo. Nusu ya shamba tuliiacha na mbegu kavu ili tulinganishe. Siku ya kupiga maharage, mama aliyatazama mafungu mawili yaliyolingana, akanigeukia. "Mwanangu, ile sukari si tungenywea chai?"

Nilianza kwa kulaumu duka. Pakiti ilikuwa imekaa rafu ya dirishani, jua la mchana likiipiga, na bakteria ni viumbe hai, joto huwaua. Inawezekana walikuwa wamekufa kabla hatujalipa. Lakini kuna jambo nililokuwa nimeliona wakati wa maua, nikalipuuza. Niling'oa mashina machache kila upande, na pande zote mbili mizizi ilikuwa na vinundu, vile vijivimbe ambamo bakteria hao huishi. Ule upande wa mbegu kavu ulikuwa navyo vingi tu. Nilipovipasua kwa ukucha, vichache vilikuwa vyekundu ndani kama nyama, dalili kwamba kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani inaendelea. Vingi vilikuwa vyeupe au vya kijanikijani.

Maana yake vyumba vilikuwa na watu tayari, tena wengi wao hawalipi kodi.

Mwenye nyumba wa Dar es Salaam angalau hudai kodi ya miezi sita mkononi kabla hajakupa funguo. Mharage hauna ujanja huo. Mizizi yake hutoa kemikali za kuwaita bakteria, nao hujibu kwa kemikali zao. Salamu zikipatana, mlango unafunguliwa. Salamu hizo hazisemi lolote kuhusu bidii ya mgeni. Kwa kawaida bakteria mmoja huingia kupitia kinyweleo cha mzizi, huzaana ndani, na kinundu karibu kizima huwa cha ukoo wake. Na vyumba vina idadi. Mmea ukishaona vinundu vinatosha, huzuia vingine visiote. Aliyewahi ndiye mpangaji.

Adhabu ipo, nisiusingizie mmea. Mwaka 2003 mwanasayansi Toby Kiers na wenzake walichapisha jaribio la soya ambamo waliondoa naitrojeni kwenye hewa inayozunguka vinundu, wakaweka gesi ya argoni, ili bakteria washindwe kufanya kazi hata kama wana nia. Mimea ikawabania oksijeni, na wale wavivu wa kulazimishwa wakazaana karibu nusu tu ya wenzao. Nililipenda sana jaribio hilo. Ila ni adhabu ya baada ya kuhamia. Mpangaji mbaya anakonda, lakini chumba hakirudi kwa mwingine msimu ule.

Sasa mtazame huyu wa pakiti. Amechaguliwa maabara kwa sababu ananasa naitrojeni kuliko wenzake, halafu anatupwa kwenye udongo wenye wenyeji waliozoea tindikali yake, kiangazi chake na joto lake. Tena anakaa pale pale mbegu ilipofukiwa, hatembei mbali. Mzizi unavyoendelea kuchimba chini na pembeni, kila unapofika unawakuta wenyeji wamekwisha kufika. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Humu ardhini mgeni akija, mwenyeji ndiye anayemmaliza.

Hili si jambo la Lushoto tu, na si jipya. Wakulima wa soya wa Iowa na Minnesota, kule Marekani, wamehangaika kwa miongo na kundi moja la wenyeji lililopewa namba 123. Wanasayansi walileta bakteria hodari zaidi kwa kazi, kama yule maarufu wa namba 110, na bado 123 akaendelea kujaza vinundu. Mwaka 1974 watafiti Weaver na Frederick walipiga hesabu huko Iowa: ili wa pakiti wapate angalau nusu ya vinundu, lazima wawe mara 1,000 ya wale waliomo kwenye udongo. Mara elfu moja! Mwaka 1991 utafiti uliofanywa Hawaii ukaonyesha kwamba hata wenyeji 50 tu katika gramu moja ya udongo walitosha kufuta faida ya kuchanja mbegu, yaani kuzipaka bakteria.

Na ushindi hauendi na kazi. Yuko bakteria mmoja wa majani ya klova anayeitwa T24. Huyu hutengeneza sumu ya kuwaua ndugu zake wa karibu, anashinda vita, anaingia kwenye mizizi, halafu hanasi naitrojeni ya maana. Kila ofisi ina T24 wake.

Ndiyo maana sikubaliani na namna pakiti hizi zinavyopigiwa debe mikutanoni na redioni, kana kwamba shamba ni ndoo tupu inayosubiri kujazwa. Kwa soya inayopandwa mahali ambapo haijawahi kupandwa, nitaitetea pakiti mbele ya yeyote. Soya huchagua sana, na bakteria wake mara nyingi hawapo huko. Bila pakiti unaweza kung'oa shina zima usione kinundu hata kimoja. Tatizo hilo ndilo lililowafanya watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo iliyoko Ibadan, Nigeria, wazalishe soya isiyochagua, inayokubali bakteria wa udongo wa Afrika. Maharage ni kinyume chake. Hupokea kila anayebisha hodi, yamelimwa milimani kwetu tangu enzi za bibi zetu, na udongo umejaa. Kumuuzia mkulima wa maharage wa Lushoto pakiti kwa maneno yale yale anayouziwa mkulima anayejaribu soya kwa mara ya kwanza ni kumchukulia hela yake bure.

Kama mimi ndiye ningepanga bajeti, fedha ningezipeleka kwa wenyeji wenyewe. Vile vinundu vichache vyekundu nilivyopasua vilikuwa na bakteria walioshinda vita ya shamba lile na bado wanafanya kazi. Hao ndio wa kufuga. Wataalamu wa kuwatenga na kuwapima tunao, Morogoro na Nairobi. Najua jibu litakuwa kwamba ni ghali, kila wilaya na bakteria wake, nani atatengeneza pakiti ya Lushoto peke yake? Sawa. Basi angalau bwana shamba aje wakati wa maua, ang'oe mashina kumi, apasue vinundu mbele ya mkulima, ndipo aseme kama pakiti inafaa. Kazi hiyo haihitaji maabara.

Mwaka huu mama amepanda bila pakiti. Nimempelekea mifuko miwili ya mbolea ya fosforasi ya Minjingu, kwa sababu vinundu bila fosforasi havifanyi kitu, awe mwenyeji au mgeni, na udongo wa tindikali kama wake huimeng'enya vizuri mbolea hiyo ya mwamba. Amesema maua yakianza atanipigia, niende na jembe, na sukari nije nayo ya kwangu.