Kukarabati gari-nyumba Moroko: mkono wa fundi na mambo asiyoambiwa

Kuanzia Novemba, feri za Algeciras, Hispania, kwenda bandari ya Tanger Med, Moroko, hujaa magari-nyumba, yale ambayo wenyewe huyaita motohomu, yenye kitanda, jiko na choo ndani. Wengi wa wenye magari hayo ni wastaafu wa Ufaransa, Ujerumani na Uingereza wanaokimbia baridi na kushukia miji ya Agadir na Tiznit. Siku hizi hawafuati jua tu, wanafuata na mafundi. Viti vilivyochakaa vinashonwa upya, bodi iliyobonyea inanyooshwa, faiba iliyopasuka inazibwa, na wapo wanaorudi kwao na gari lililopigwa rangi lote na kuchorwa ngamia ubavuni.

Mimi ni mtu wa Mombasa niishiye Ujerumani, na nimelipeleka langu huko mara mbili. Nimesikia mabishano yake kila kambi ninayolala. Huyu anasema kazi ni safi na bei ni ya kutupa, yule anasema ni kuchezea kamari gari lililokugharimu akiba ya maisha, tena kwa kuwanyonya watu. Kila mmoja ana hoja yake, ila mara nyingi hawazungumzii kazi ileile.

Tuanze na pesa, kwa kuwa ndiyo inayowavusha bahari. Gereji ya magari haya Ujerumani ikikutoza zaidi ya yuro 100 kwa saa, hakuna wa kushangaa, na miadi unaweza kupewa ya miezi kadhaa mbele. Moroko, kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa dirham 17.10 kwa saa, ambazo hazifiki yuro 2. Fundi aliyejiajiri hutoza zaidi ya hapo, lakini pengo linabaki kubwa mno.

Hata hivyo, bei peke yake isingenirudisha mara ya pili. Fundi wa viti niliyempata ana cherehani moja, na kibanda chake hakizidi upana wa gari lenyewe. Alifumua vifuniko vya zamani mshono kwa mshono, akavitandaza juu ya kitambaa kipya vikawa ndiyo ruwaza, akakata bila kupima mara ya pili. Jioni nilimtumia picha mjomba wangu, fundi wa makochi wa miaka mingi. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mjomba, huyo ni fundi. Tazama kona, hazina hata mkunjo. Mlipe, usimsumbue." Moroko fundi bingwa huitwa maalem, na ni Kiarabu kilekile kilichotupa sisi neno mwalimu. Nilipoyaona mavazi yale ya viti, sikuona ajabu.

Kuhusu unyonyaji, lawama hiyo siipuuzi, lakini naiona mahali pengine. Fundi hutaja bei yake mwenyewe, na pesa inaingia mkononi mwake bila kupita kwa kampuni yoyote. Nilichokiona kikaniumiza ni siku ya makabidhiano. Mteja alikuwa ametoa arbuni ndogo (na wao wanatumia neno hilohilo), fundi akanunua sponji na kitambaa kwa pesa yake, kazi ikaisha, ndipo mteja akaanza kudai apunguziwe. Anajua kabisa kwamba vifuniko vilivyokatwa kwa vipimo vya gari lake haviuziki kwa mwingine. Huo ndio unyonyaji, na hautokani na bei ya Moroko kuwa chini.

Sasa upande wenye hofu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka chini, na kwa sababu hiyo magari haya yanatoka kiwandani na vitundu sakafuni, ili gesi ipate njia ya kutoka. Fundi aliyenitandikia sakafu mpya safari ya kwanza alifanya kazi ya kupendeza: zulia la plastiki lilifuata kila pembe, gundi haikuonekana hata tone. Siku ya tatu nimepiga magoti natafuta hereni ya mke wangu chini ya kabati, napapasa, nashtuka. Vitundu vyote viwili vya hapo vimefunikwa.

Nilimrudia. Hakubisha wala hakukasirika. Aliuliza vitundu vile ni vya nini, nikamweleza, akachukua kisu akavifungua palepale, kisha akaomba nimwonyeshe na vingine vilipo. Nimelitafakari sana jambo hili. Angejuaje? Gari la namna ile hajawahi kulilala hata usiku mmoja. Kitabu cha gari ninacho mimi, na mimi ndiye niliyemkabidhi ufunguo nikaenda kunywa chai.

Uzito nao una mtego kama huo. Leseni ya daraja B ya Ulaya inaishia kilo 3,500, na magari mengi ya aina hii yakishajazwa maji na mizigo yanakuwa yameukaribia mpaka huo. Seremala mzuri anataka kabati lidumu, kwa hiyo anachagua kilicho kizito. Ubao mmoja mzima wa MDF (ule wa unga wa mbao uliogandamizwa) wa milimita 15 una kama kilo 33, ilhali wa plaiwudi ya mpopla, mti mwepesi, wa unene huohuo una kama kilo 20. Ukitumia mbao 6 za MDF badala ya plaiwudi hiyo umeongeza karibu kilo 80, sawa na abiria mzima. Kwa nyumba ya matofali seremala huyo hana kosa.

Halafu kuna umbali. Dirisha langu la paa lilizibwa kwa silikoni ya bafuni, ambayo si ya paa la gari. Moroko halikuvuja, mvua yenyewe iko wapi? Oktoba, Ujerumani, maji yakaanza kudondokea mto wa kitanda, na fundi yuko zaidi ya kilomita 3,000. Hapo wapinzani wanashinda hoja moja kwa moja: dhamana ya kazi haivuki bahari. Safari ya pili nilibeba mwenyewe mirija ya gundi ya poliuretani inayonyumbuka.

Na haraka ndiyo inayoharibu kuliko yote. Gari la mgeni huruhusiwa miezi 6, lakini Mwingereza mwenyewe anapewa siku 90. Wiki ya mwisho ndiyo anakumbuka rangi, anataka Ijumaa awe njiani. Mwaka 2025 Ramadhani iliingia Machi, wakati uleule wa watu kurejea kwao, na nilisikia mgeni akilalamika kwamba fundi anafunga kazi alasiri. Mtu ana saumu tangu alfajiri na ameshika msasa, unamharakishia nini?

Kwa hiyo mimi nimegawa. Viti, magodoro, mapazia, bodi na faiba vinakwenda Moroko, na nakaa kando ya kazi mpaka iishe. Breki, mikanda ya viti na gesi sivigusishi huko. Ujerumani, tangu Juni 2025, cheti cha ukaguzi wa gesi ni lazima kwa magari haya kila miaka 2, na mkaguzi haulizi mshono wako ulikuwa mzuri kiasi gani. Kwa nyaya za umeme bado sijaamua. Nimeona kazi safi na nimeona fyuzi iliyorukwa kwa kipande cha waya.

Mwezi uliopita yule fundi wa sakafu alinitumia picha bila maneno. Ni sakafu tupu ya gari la mtu mwingine, kabla ya zulia, na vitundu vitatu vimezungushiwa chaki.