Ritifaa ya ng'onda si alama ya nukuu

Inaudhi kuona somo jingine la R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, likimwambia mwanafunzi wa Lamu au Malindi afungue faili lake kwa read.table("samaki.txt", sep="\t", header=TRUE), kisha aruke moja kwa moja hadi kwenye grafu. Ushauri huo hauijui lugha yetu. Sisi tuna ng'onda, yule samaki mkavu, tuna ng'ombe, tuna ng'ambo, na watu wetu wana majina yenye ritifaa, alama hii: '. Amri ikiachwa hivyo, ritifaa hiyo inakula data.

Chukua orodha ya diko, mahali samaki wanaposhushwa, yenye safu tano: tarehe, diko, aina, kilo, bei. Ina mistari 10. Mstari wa 3 ni ng'onda, kilo 18. Wa 9 ni ng'onda tena, kilo 6. Katikati kuna changu, tafi, pweza, kolekole, na nguru wa kilo 40. Sasa, read.table usipoipa maagizo mengine huhesabu alama mbili kuwa nukuu: " na pia '. Ikifika kwenye ritifaa ya mstari wa 3, inadhani maneno ya nukuu yameanza. Kuanzia hapo Tab (ile \t inayotenganisha safu) si mpaka tena, wala mwisho wa mstari si mwisho, mpaka ikute ritifaa nyingine. Hiyo iko mstari wa 9. Hapo inafunga nukuu na kuendelea kama kawaida.

Tazama kilichotokea. Tarehe na diko zimetoka mstari wa 3. Aina imekuwa donge moja lililomeza kila kitu mpaka mstari wa 9. Kilo na bei ni za mstari wa 9. Safu tano zimetimia, kwa hiyo hakuna kosa wala onyo. Mistari 10 imebaki 4, na nguru wa kilo 40 hayumo kwenye jumla. Ritifaa zikiwa witiri, angalau R hulalamika kwamba faili limekwisha ndani ya nukuu. Zikiwa shufwa, kimya.

Hili si jambo la wapenda kompyuta peke yao. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Siku mvuvi wa Kizingitini au Ngomeni atakapoulizwa alikuwa akivua kiasi gani, jibu litatoka kwenye rekodi kama hizi. Kilo zilizopotea kwa sababu ya ritifaa ni kilo za mtu.

Na kisa hiki hakina sababu ya kuwepo. Muundo wa maandishi yanayotenganishwa kwa Tab ulisajiliwa mwaka 1993 na IANA, wanaotunza orodha ya miundo ya faili za mtandaoni, na kanuni yake ni fupi: Tab hutenganisha sehemu, mstari mpya hufunga rekodi, na Tab hairuhusiwi ndani ya sehemu. Nukuu hazina kazi maalumu. Nukuu ni desturi ya faili za koma, maana koma ni alama ya kawaida ya uandishi na lazima ikingwe. Nani huandika Tab katikati ya jina la samaki? Basi zima nukuu:

read.table("samaki.txt", sep="\t", header=TRUE, quote="", comment.char="", na.strings="", colClasses="character", fileEncoding="UTF-8")

Kila kipande kina kazi. Bila comment.char="", chombo kilichoandikwa #12 kinakatiwa mstari wake hapo hapo kwenye #. Bila colClasses, namba ya simu inayoanza na 07 inapoteza sifuri yake. Soma vyote kama maandishi, kisha geuza kilo na bei kwa as.numeric mwenyewe, ili "12 kg" ijitokeze uione.

Wengine hukimbilia read.delim. Kweli, hiyo haishtuki kwa ritifaa. Lakini bado inaiheshimu ", kwa hiyo jarife la 6" (yaani inchi 6) linafungua nukuu vilevile. Tena hujaza sehemu zilizopungua bila kusema lolote.

Kwa pandas, maktaba ya data ya lugha ya Python, hali ni nafuu, kwa kuwa ritifaa haihesabiwi nukuu kabisa. Hata hivyo andika:

pd.read_csv("samaki.txt", sep="\t", quoting=3, dtype=str, keep_default_na=False, encoding="utf-8")

Hiyo 3 ndiyo inayozima nukuu. Na keep_default_na=False ni ya lazima kwa anayekusanya msamiati wa Kiamu kwa herufi kubwa: neno NA, kiunganishi tunachokitumia kuliko karibu maneno yote, pandas hulifanya pengo. R pia hulifanya pengo usipoweka na.strings.

Nakubali, shingo upande, kwamba Excel ikihifadhi faili la Tab hufunga kwa nukuu sehemu zenye koma au nukuu ndani. Faili la namna hiyo lisome kwa quote="\"", si vinginevyo. Na aliyechagua "Unicode Text" amekupa UTF-16, usimbaji mwingine wa herufi badala ya UTF-8; pandas ikilia kuhusu baiti 0xff mwanzoni kabisa, weka encoding="utf-16".

Baada ya kusoma, hesabu. Endesha amri ya kuhesabu mistari, wc -l samaki.txt, toa moja ya kichwa, linganisha na nrow ya R au len ya Python. Mstari wa mwisho usipofungwa kwa Enter, wc itapungukiwa na moja. Tofauti nyingine yoyote, simama utafute.

Hesabu zikilingana, angalia orodha ya aina kwa table(d$aina), d ikiwa jina ulilolipa jedwali ulilosoma kwa R. Mara nyingi utakuta ng'onda mbili: moja ya ritifaa iliyonyooka, nyingine ya ritifaa iliyopinda, ile Word na baadhi ya simu huiweka zenyewe. Kwa jicho ni samaki mmoja, kwa kompyuta ni wawili, na kila mmoja atapewa jumla yake. Zinyooshe kwa d$aina <- gsub("’", "'", d$aina) kabla hujajumlisha kilo.