Njia ya Kieni Haina Mwenyewe

Wiki jana kwenye kundi letu la WhatsApp la waendesha baiskeli, dada mmoja aliyejiunga juzijuzi aliuliza swali la adabu kabisa: ni wapi mtu anaweza kuendesha Jumapili asubuhi bila kusukumwa mtaroni na basi? Kabla hajajibiwa, jamaa mmoja wa miaka mingi kundini akarusha picha. Lami nyembamba iliyolowa, ukungu, saiprasi pande zote mbili, gari hata moja hakuna. Dada akauliza, hapo ni wapi? Akajibiwa: "Wanaojua wanajua." Kisha vikaragosi vya kucheka vikafuatana, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya tairi.

Basi ngoja niseme mimi. Hapo ni msitu wa Kieni. Ni barabara inayotoka Thika, inapita Mang'u, inapanda hadi Kamwangi, kisha inaingia msituni na kutokea Magumu, pale Flyover, kwenye barabara kuu ya Nakuru. Ina lami. Imo kwenye kila ramani. Thika iko mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, Magumu inapita 2,400, kwa hiyo utapanda hadi ujiulize ulikuwa na shida gani nyumbani. Mwezi wa Julai ukifika kule juu vidole vinakataa kukunjika, na breki unazibana kwa imani.

Nimeshasema, na msitu bado upo.

Sasa niulize: hiyo siri ni ya nani? Saa kumi na mbili asubuhi, kabla wenzetu hawajamaliza kupaka mafuta ya jua, kuna vijana wanapita barabara hizo na mitungi ya maziwa imefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tyubu kuukuu. Wachuma chai wanazipita wakienda mashambani. Watoto wa shule wanazipita wawili wawili juu ya baiskeli moja ya baba. Askari wa misitu wanazijua hadi kona ambayo maji hutuama. Halafu anatoka mtu mjini na baiskeli ya kaboni ya bei ya shamba, ameibeba juu ya gari hadi Kamwangi, anaishusha, anapiga picha, anarudi Nairobi akijiona Vasco da Gama. Njia ambayo watu wanapitishia maziwa kila siku wewe umeigundua lini? Na uliyemkuta pale ulimwomba ruhusa ya kuificha?

Linaloniudhi zaidi ni kwamba watu haohao wanazijua njia za Wazungu kwa moyo. Waulize Alpe d'Huez ina kona ngapi, watakwambia 21 bila kupepesa macho. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofika Afrika kwa mara ya kwanza, pale Kigali, kundi zima lilikuwa wachambuzi. Tuliambiwa wanaume wangeendesha kilomita 267.5, tukahesabiwa kila mita ya kupanda, tukaelezwa mawe ya Kimihurura yanavyotetemesha mikono. Elimu nzuri, nashukuru. Lakini mtu anayeweza kukueleza kilima cha Kigali mita kwa mita anakuwa bubu ghafla ukimwuliza mteremko wa kutoka Kieni kurudi Kamwangi una matuta wapi. Matuta hayo hayajapakwa rangi, na mengine yamejificha kwenye kivuli cha miti. Kuyanyamazia unamlindia nani usiri, kama si daktari wa mifupa?

Na hapo ndipo ninapokasirika kweli. Siri hii ina gharama, na anayeilipa ni mgeni. Asiyeambiwa habari za Kieni haachi kuendesha, anaendesha anakokujua. Anaenda Waiyaki Way. Anaenda Limuru Road, apumuliwe mgongoni na matatu. Anaenda barabara ya Thika, ambako ile njia ya pembeni ina boda boda zinazokuja kinyume, viatu vya mtumba vimetandazwa, na mara ghafla inakwisha kwenye mtaro kana kwamba mchoraji aliitwa kula. Kaunti ya Nairobi ilijiandikia sera mwaka 2015 kwamba asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa wanaotembea kwa miguu na wanaoendesha baiskeli. Zunguka mjini uzitafute hizo asilimia, ukizipata nitumie picha. Kwa hiyo serikali imemwacha mgeni, na sisi wenzake tunaojua pa kumpeleka tunamchekea.

Tena mambo ya kumwambia si mengi, ni ya dakika tano. Nilikalishwa na shosho mmoja nje ya kituo cha kupimia majani chai, upande wa Mataara, wakati mvua ilipotufungia hapo. Aliniuliza, "Nyinyi ndio wale wa kaptula za kubana?" Nikakiri. Akanieleza ratiba ya barabara yake bila mimi kuomba. Asubuhi majani bado yako mikononi mwa wachumaji, njia ni nyeupe. Kuanzia alasiri malori ya kiwanda yanaanza kuzunguka vituoni kubeba majani, na dereva wa lori la majani ana haraka kwa sababu majani yakikaa yanaharibika. "Kwa hivyo muwe mmeshuka kabla ya saa nane," akasema, "na msisimame kwenye kona kupiga hizo picha zenu." Akaniuzia ndizi mbivu na kunirudishia chenji hadi shilingi ya mwisho. Huyo ndiye mwenye njia, kama njia ina mwenyewe, na yeye hakuficha kitu.

Mengine nayaongeza mimi. Barabara ya Kieni si mahame. Inaunganisha Thika na barabara ya Nakuru, kwa hiyo malori ya kabeji na viazi kutoka Kinangop yanaitumia, na Desemba, barabara kuu ikikwama, madereva wa magari madogo hukatizia huku wakiwa na hasira zao zote za foleni. Desemba kaa nyumbani, ama nenda Mataara. Ukungu wa Kieni si wa kupigia picha tu: taa ya nyuma iwake hata saa nne asubuhi. Chini ya mikaratusi majani makavu yakilowa huteleza kama sabuni. Na ukifika Flyover usishawishike kurudi Nairobi kwa barabara kuu kupitia Kimende. Nimeona watu wazima wenye watoto wakifanya hivyo na malori ya masafa marefu yakiwapita kwa upana wa kiganja. Rudi ulikotoka. Kama miguu bado ina kitu, vuka uelekee Njabini hadi bwawa la Sasumua. Huko unaona milima ya Nyandarua (Aberdare) yote imekaa mbele yako, kilele cha Kinangop kikiwa mita 3,906, siku ambayo mawingu yameamua kuwa na utu. Maji ya Sasumua na ya Ndakaini ndiyo tunayooga Nairobi, siku ambazo mfereji una maji, kwa hiyo si vibaya kwenda kuyasalimia.

Ndakaini kwenyewe, kupitia Gatanga, ni safari nyingine ya siku nzima, chai mwanzo mwisho. Gatamaiyu ina mbega na vijito vya samaki aina ya trauti. Tigoni ni ya wavivu na wenye miadi ya chakula cha mchana; naipenda. Halafu kuna zile zinazoitwa barabara za Mau Mau, mradi wa takriban kilomita 540 kupitia Kiambu, Murang'a, Nyeri na Nyandarua, kandokando ya msitu ambao wapiganaji waliingia wakakaa miaka. Palipokamilika ni lami ambayo ungedhani iliwekwa kwa ajili ya baiskeli. Haikuwekwa kwa ajili yetu. Iliwekwa ili mkulima afikishe majani na maziwa, na akihitaji barabara pana zaidi kesho sitasimama mbele ya tingatinga na kofia yangu ya plastiki.

Ila si kila mahali. Ile barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru, inayotakiwa kukata katikati ya mbuga ya Aberdare na ambayo mwaka 2024 ilifikishwa mahakamani Nyeri, kuna wenzangu wanaiombea kimyakimya wapate kupanda kwa lami ndani ya mianzi. Hapana. Kuna kupanda kwa kutosha nje ya ua wa umeme. Ule ua wa karibu kilomita 400 uliokamilika mwaka 2009 ulijengwa kuwatenga ndovu na mashamba, tuuheshimu na sisi. Mwenye kiu ya kuendesha miongoni mwa wanyama aende Hell's Gate, alipe kiingilio.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza takataka: mkizitangaza njia, watakuja watu na karatasi zao za biskuti. Kweli, watakuja. Lakini vile vipakiti vya jeli ya sukari ninavyoviona mtaroni Kieni vimeandikwa Kizungu na kimoja kinauzwa bei ya chakula cha mchana. Sidhani viliangushwa na kijana wa maziwa.

Pili usalama. Hapa nakubali, na nakubali kwa shingo upande. Msituni watu wameporwa, na mwanamke anayeendesha peke yake ana hesabu ambazo mimi sipigi. Kutangaza kwamba kila Jumapili saa fulani baiskeli za bei mbaya zinapita kona fulani ni kumwandikia mwizi barua. Sawa. Basi usitangaze ulipo ukiwa bado upo, na ile ramani ya Strava, programu ya simu ya kurekodi safari, inayoionyesha dunia nzima mlango wa nyumbani kwako izime kwanza kabla ya kunihubiria kuhusu siri. Lakini dawa ya njia yenye wezi haijawahi kuwa kupunguza wapitaji. Karura, msitu ulio ndani ya Nairobi, watu walikuwa wakiiogopa vibaya sana. Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa pale langoni akiutetea msitu dhidi ya wanyakuzi. Leo kuna akina mama wanaokimbia peke yao mle ndani, na ukigusa mti mmoja Nairobi nzima inapiga kelele kwa sababu nusu yake imewahi kupita chini ya mti huo. Kieni haina watu wa kuipigia kelele wa namna hiyo. Siku wakija na mpango wa ajabu, atakayekwenda kwenye kikao cha maoni ya umma ni nani? Wanaojua?

David Kinjah, mwendesha baiskeli wetu mkongwe, pale Mwimuto, alimfungulia mlango kijana wa kizungu aliyekuja na baiskeli akitaka kujifunza, wakaendesha pamoja. Kijana huyo, Chris Froome, baadaye alishinda Tour de France mara 4. Sisemi dada yetu wa kundini atashinda chochote. Amesema anataka kuendesha asigongwe.

Kwa hiyo Jumapili hii tunaanzia Thika saa kumi na mbili na nusu, tukiwa wengi, mwendo wa mtu wa mwisho. Beba tyubu mbili, koti la upepo, taa ya nyuma na pesa taslimu, kwa maana Kamwangi kuna chai na mandazi ya moto na mama hataki kusikia habari za mtandao kugoma. Hutahitaji gari. Matatu ya alfajiri ya Thika inabeba baiskeli ukitoa gurudumu la mbele, ila patana na makanga kabla ya kupakia. Akikuitisha nauli ya watu watatu, mwambie mbili, na usishuke.