Mizani, Mikato na Mashine: Je, Fasihi Inahesabika?

Aliyepita darasa la ushairi wa Kiswahili amekwisha kuhesabu fasihi, ajue asijue. Amehesabu mizani 8 za mshororo wa utenzi na 16 za mshororo wa shairi, amepigia mstari vina vya kati na vya mwisho, na alipokuta mshororo wenye mizani 17 ameambiwa shairi ni guni. Amri Abedi aliziweka sheria hizo kitabuni mwaka 1954. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani isiyofungwa na hesabu hiyo, na wataalamu wakavutana kwa muda mrefu kama ule ni ushairi au si ushairi. Kwa hiyo ninaposikia ikidaiwa kwamba kuhesabu ni kitu kigeni kilicholetwa na kompyuta kuja kuua uhai wa fasihi, napata shida kukubali. Kipya ni wingi wa vinavyohesabiwa, pamoja na maswali ambayo sasa watu wanataka hesabu iyajibu.

Mvutano wa leo una pande mbili zinazojulikana. Mwaka 2000 Franco Moretti, mhakiki wa Kiitaliano, alipendekeza kile alichokiita usomaji wa mbali. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza: hata msomaji hodari kuliko wote atakufa akiwa amesoma sehemu ndogo mno ya riwaya zilizopata kuchapishwa, na zile zinazofundishwa vyuoni ni chache zilizobahatika. Tukiandika historia ya fasihi kwa kutegemea hizo chache, tunaandika historia ya waliobahatika. Basi tutazame maelfu kwa pamoja, tutafute ruwaza, hata kama hakuna atakayezisoma zote. Upande wa pili wamesimama wahakiki wa usomaji wa makini, wanaoamini kwamba maana imo katika sentensi hii hapa, katika kejeli yake, katika neno ambalo mwandishi alilikwepa. Mashine, wanasema, haioni lililokwepwa.

Wote wawili wana babu mmoja. Muda mrefu kabla ya umeme, wasomi wa maandiko matakatifu walitengeneza itifaki, yaani vitabu vinavyoorodhesha kila neno na mahali linapotokea. Na hata matumizi ya mashine si ya juzi. Mwaka 1949 padri wa Kijesuiti, Roberto Busa, alikwenda kuomba msaada wa kampuni ya IBM ili aorodheshe kila neno katika maandishi ya Thomas wa Akwino. Kazi ilichukua takriban miaka 30 na kuzaa majuzuu 56. Waliotoboa kadi zilizolishwa kwenye mashine walikuwa kwa sehemu kubwa wanawake vijana, ambao majina yao hayakujulikana mpaka watafiti walipoanza kuwatafuta hivi karibuni. Hilo nitalirudia, kwa sababu linahusu pesa na vyeo vya kitaaluma kuliko linavyohusu historia.

Hesabu imeshinda wapi? Kwenye swali la nani kaandika, bila ubishi mkubwa. Mwaka 1964 wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace walichukua insha 85 za kisiasa zilizochapishwa Marekani mwaka 1787 na 1788 kwa jina la bandia. Insha 12 kati yake zilikuwa zinagombaniwa baina ya Alexander Hamilton na James Madison. Wanatakwimu hao hawakushughulika na mawazo makubwa ya insha; walihesabu vijineno ambavyo mwandishi havitilii maanani: viunganishi, vihusishi na vielezi vidogo. Hamilton alikuwa anapenda kijineno fulani ambacho Madison karibu hakukitumia kabisa. Hesabu zikaelekeza kwa Madison. Mwaka 2013 njia ya aina hiyo ilitumika pale gazeti moja la Uingereza liliposhuku kwamba mwandishi mgeni wa riwaya ya upelelezi, Robert Galbraith, ni J. K. Rowling aliyejificha. Uchambuzi wa mtindo uliipa shaka hiyo nguvu, na mwenyewe akakiri.

Lakini tusiwape mashine sifa zote. Mwaka 1440 Lorenzo Valla, msomi wa Kiitaliano, alionyesha kwamba hati iliyodaiwa kutolewa na Kaisari Konstantino ilikuwa ya kughushi, na sehemu ya ushahidi wake ilikuwa Kilatini cha hati hiyo, kilichojaa maneno ambayo mtu wa zama za Konstantino asingeyatumia. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na sikio na miaka mingi ya kusoma. Swali la nani kaandika lina jibu moja lililo sahihi, liwe limepatikana kwa sikio au kwa takwimu, na ndiyo maana linafaa kuhesabiwa. Riwaya fulani inasema nini kuhusu msiba, au kwa nini mhusika wake ananyamaza katika sura ya mwisho, hayo hayana jibu la namna hiyo. Anayeingiza swali la aina ya pili kwenye programu iliyotengenezwa kwa swali la kwanza atapata mchoro mzuri wenye rangi na hatapata kitu kingine.

Shutuma kali zaidi dhidi ya wahesabuji niliyokutana nayo haikutoka kwa mtu anayeogopa namba. Mwaka 2019 Nan Z. Da, akiwa ndani ya taaluma ya fasihi, alizirudia hesabu za tafiti kadhaa za aina hii, kisha akatoa hukumu inayouma: yaliyothibitika humo yalikuwa yanajulikana tayari, na yaliyokuwa mapya hayakuthibitika. Walijibu wengi, baadhi kwa hoja nzito kwamba alichagua mifano dhaifu. Mimi naona hukumu yake inaangukia sawasawa kazi nyingi za mwanzo, zile ambazo furaha ya kuwa na zana ilitangulia swali. Haiangukii zote. Na filamu ndiyo inayonifanya niseme haiangukii zote.

Barry Salt, mwanahistoria wa filamu, alichapisha mwaka 1974 pendekezo la kuchunguza mtindo wa filamu kwa takwimu. Chukua filamu, hesabu shoti zake, yaani vipande vya picha kati ya mkato mmoja na mwingine, gawanya muda wote kwa idadi hiyo, upate wastani wa urefu wa shoti. Mwaka 2005 Yuri Tsivian na wenzake wakafungua hazina ya pamoja iitwayo Cinemetrics, ambako mtu yeyote anaweza kuchangia vipimo vya filamu aliyoihesabu. Jambo kavu kabisa, mtu angesema. Ila tazama lilichozaa. Kila mtu anaona kwamba filamu za Hollywood zimekuwa na mikato ya haraka. Maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba video za muziki za miaka ya 1980 ndizo zilizoharibu subira ya watazamaji. David Bordwell, mtaalamu wa filamu, alipokusanya vipimo, alionyesha kwamba shoti za wastani wa sekunde 8 hadi 11, zilizokuwa kawaida kati ya 1930 na 1960, zilikuwa zimeanza kufupika tangu miaka hiyo ya 1960, kabla kituo cha video za muziki hakijazaliwa. Mwishoni mwa karne wastani wa sekunde 3 hadi 6 ulikuwa wa kawaida. Maelezo tuliyoyarithi kama methali yalivunjwa na saa ya kuhesabia. Usomaji wa makini wa filamu moja, hata ukiwa wa kipaji namna gani, usingeweza kufanya hivyo.

Sasa geuza upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo. Metropolis, filamu ya bubu ya Fritz Lang ya mwaka 1927, ilikatwakatwa muda mfupi baada ya kuonyeshwa mara ya kwanza. Mwaka 2008 ikapatikana nakala Buenos Aires yenye takriban dakika 25 zilizodhaniwa kupotea. Mtafiti aliyepima wastani wa shoti zake mwaka 2000 alipima filamu gani? Isitoshe, filamu za bubu hazikuwa na kasi moja ya kuonyeshwa, kwa hiyo idadi ya sekunde inategemea mashine ilizungushwa kwa mwendo gani. Na wastani wenyewe unadanganyika kirahisi: shoti tatu ndefu sana zinatosha kuufanya upande, hali sehemu kubwa ya filamu inakwenda mbio. Watakwimu wa filamu wamebishana sana juu ya hili, kama tutumie wastani au urefu wa shoti inayoangukia katikati shoti zote zikipangwa kuanzia fupi hadi ndefu. Ubishi huo ni dalili ya afya. Wahakiki wa mada na dhamira hatuna desturi ya kubishana hivyo juu ya kipimo chetu.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, liko kabla ya hesabu kuanza. Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha mwaka 2013 ripoti iliyoonyesha kwamba, kati ya filamu ndefu za bubu za Marekani karibu 11,000, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika umbo lake la asili. Yeyote anayetamka jambo kuhusu sinema ya bubu anazungumzia waliosalimika. Google ilipofungua mwaka 2010 chombo cha kutafuta maneno katika vitabu zaidi ya milioni 5, wenyewe walikadiria kuwa hiyo ni kama asilimia 4 ya vitabu vyote vilivyopata kuchapishwa, na ni vile vilivyokaa kwenye maktaba kubwa. Moretti alitaka tuwaone waliosahaulika. Hazina za kidijitali zinatuonyesha waliohifadhiwa, na hao si watu wamoja.

Kwa Kiswahili jambo linazidi kuwa gumu. Hazina ya matini, ambayo wanaisimu huiita kongoo, iliyo maarufu zaidi ni ile ya Helsinki, iliyojengwa chini ya Arvi Hurskainen na kufikia maneno kama milioni 25. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini ngano, ngonjera, nyimbo na masimulizi ya mdomo, ambayo ni nusu ya kile tunachokiita fasihi, hayaingii humo kirahisi. Kisha kuna maumbile ya lugha. Programu inayokata matini kwenye nafasi tupu itaona "alimsomea", "hatutasoma" na "wanaosomeshwa" kama maneno matatu yasiyohusiana. Na vile vijineno vidogo vilivyomfichua Madison, sisi kazi yake kubwa tumeiweka ndani ya kitenzi: nafsi, wakati, ukanushi, urejeshi. Hurskainen alilazimika kutengeneza kwanza mfumo wa kuchambua mofolojia, yaani jinsi maneno yanavyoundwa. Mtafiti anayechukua programu iliyoandaliwa kwa Kiingereza na kuimwagia riwaya ya Kiswahili anapima nafasi tupu.

Rudi nyuma zaidi, kwenye tenzi kongwe. Utenzi wa Tambuka una mswada wa mwaka 1728, ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo za zamani hazikutofautisha vizuri e na i, wala o na u, na baadhi ya konsonanti zetu zilishiriki herufi moja. Kila toleo la herufi za Kirumi limepitia uamuzi wa mhariri, neno kwa neno. Ukihesabu msamiati wa toleo hilo unahesabu pia mikono ya mhariri, na hakuna takwimu itakayokuambia mikono hiyo inaishia wapi. Hapo huwezi kukwepa kumtafuta mtu aliyesoma mswada kwa makini.

Je, basi usomaji wa makini umeshinda? Sivyo. Mara ngapi tumesoma tasnifu iliyochagua riwaya tatu, ikatoa dondoo nane zinazokubaliana na nadharia yake, kisha ikahitimisha kuhusu "riwaya ya Kiswahili"? Hakuna anayeuliza dondoo zisizokubaliana ziliachwa ngapi. Mhesabuji akifanya hivyo atashikwa, kwa sababu orodha yake iko wazi na mwingine anaweza kuirudia, kama Da alivyozirudia za wengine. Mhakiki wa dhamira anajificha nyuma ya ufasaha wake. Upungufu wa data tunaowalaumu wahesabuji tunao sisi pia, ila wetu haujaandikwa popote.

Ndiyo maana naona mabishano ya njia ipi ni bora yanapoteza muda uliopaswa kwenda kwenye suala la kazi na malipo. Kusafisha matini, kulinganisha miswada, kurekodi masimulizi na kuyaandika, kupima filamu shoti kwa shoti: hii ndiyo kazi ya wale wanawake wa kadi za Busa, na bado inatazamwa kama utumishi. Mwanafunzi akileta sura tano za uhakiki anapewa shahada. Akileta tenzi 40 zilizohaririwa vizuri, kila uamuzi wa herufi ukiwa umeelezwa, anaulizwa nadharia yake iko wapi. Mpaka jopo la watahini liikubali kazi hiyo kuwa utafiti kamili, wahesabuji wataendelea kuhesabu kile ambacho mtu mwingine, mahali pengine na kwa sababu zake, aliamua kukihifadhi.