Rudisheni Themostati Mlizong'oa

Jumamosi nilimkuta mwalimu mmoja wa Misungwi kwenye gereji ya mtaani hapa Mwanza, amekaa juu ya tairi bovu, simu mkononi, hasemi na mtu. Subaru Forester yake imefunguliwa boneti, maji yanachuruzika chini. Ilikuwa imechemsha mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Nikauliza themostati, ile vali ya maji ya kupozea injini, iko wapi. Fundi akanijibu bila hata kugeuka: "Ile tulishaitoa, kaka. Ile ni ya nchi za baridi."

Sentensi hiyo nimeisikia Igoma, nimeisikia Buzuruga, nimeisikia Nyegezi, na kila nikiisikia naumia. Imeua injini nyingi kuliko mashimo ya barabarani.

Themostati haijui kama iko Mwanza au Sapporo kule Japani. Inachojua ni joto la maji yaliyo ndani ya injini. Yakiwa baridi, inafunga ili injini ipate moto upesi. Yakikaribia nyuzi 80, inafunguka yaende kwenye rejeta yakapoe. Basi. Na hao Wajapani tunaowaita watu wa baridi, kiangazi chao Tokyo kinafika nyuzi 35, joto ambalo sisi wa kando ya ziwa hatulioni mara nyingi. Mbona wao hawaing'oi?

Ukiing'oa, injini haifiki kwenye joto lake. Kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaongeza petroli. Petroli ya ziada inateremka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, vyuma vinasagana. Halafu mwenye gari anatangaza mtaani kwamba Subaru inakunywa mafuta! Pita daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025, karibu kilomita 3 za mwendo mmoja na upepo wa ziwa unakupiga ubavuni. Gari lisilo na themostati utaona mshale wa joto unashuka. Vile vigari visivyo na mshale, taa ya bluu inarudi kuwaka kana kwamba ni alfajiri.

Nakubali, mafundi wa Kanda ya Ziwa ni hodari. Nimeona injini ya Fuso ikishushwa kwa mnyororo chini ya mwembe, na kesho yake gari likaondoka na mzigo. Na kama themostati imegoma kufunguka, uko Lamadi saa tano usiku na watoto ndani ya gari, itoe ufike mjini. Lakini ukishafika, nunua nyingine.

Tabia nyingine ya kwetu ni kutia maji matupu kwenye rejeta, mengine yamechotwa ziwani na mchanga wake. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki hata 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya gari ni mgandamizo unaoshikwa na mfuniko wa rejeta, pamoja na kulanti, ile dawa ya kupozea inayochanganywa na maji. Kwenye Subaru ndiyo usithubutu kufanya mzaha, maana silinda zimelala, hedi ni mbili, gasketi mbili, na hewa ikibaki ndani baada ya kujaza maji, unaunguza gasketi hapo hapo.

Ndiyo maana hizi sifa za magari tunazopeana vijiweni siziamini. Probox inatukanwa kwa sababu inafanya mchomoko, inabeba watu tisa na magunia. Mimi naiheshimu kuliko gari lolote la bei yake. Harrier ya kwanza, ile ya 1997, bado sijaona gari lililoizidi kwa utulivu wa kiti. Crown ni tamu, ila kwa mtu anayekaa mlimani kwenye mawe yetu iko chini mno. Land Cruiser ya 70, ile yenye injini ya 1HZ, sina la kuongeza. Ukiwa na hela, chukua. Lakini Subaru imeonewa, na nitaitetea.

Nikamwomba fundi ile themostati. Ilikuwa kwenye kopo la nati, imejaa grisi. Mama lishe wa jirani alikuwa na jiko linawaka, akanipa kopo tupu la maziwa. Tukatia maji, tukaitumbukiza, mwalimu na vijana wawili wa gereji wameinama juu ya kopo. Maji yalipoanza kutoa mvuke, kabla hayajachemka, kile kisahani cha katikati kikajisukuma taratibu, kikafunguka chote. Tukaitoa ikapoa, ikafunga. Nzima kabisa.

Nikachukua mfuniko wa rejeta. Mpira wake ulikuwa umepasuka pembeni, umekauka kama ganda la muhogo. Hakuna aliyekuwa ameuangalia mara zote tatu.

Fundi aliushika, akaugeuza mara mbili, akaukandamiza kwa kidole gumba. Akamwambia mwalimu, "Samahani mwalimu, hapa tumekosea." Kisha akamtuma kijana wake dukani akalete mfuniko mpya na kulanti, na mwenyewe akaanza kuifuta ile themostati kwa kitambaa.